Panga tano za mfalme wa Kongo

Papa mchimbaji, chukua karatasi yoyote ya serikali uliyo nayo nyumbani, uangalie kule juu: kichwa cha chui, pembe la ndovu, mkuki. Sisi wengi tunatazama tu kama kashe ni ya kweli, kisha tunaweka mfukoni.

Mbele ya huyu chui kulikuwa nembo nyingine. Iko inasemwa mu kitabu kilichochapwa Roma mwaka 1591. Mwenye kukiandika, Filippo Pigafetta, hakufika Kongo hata siku moja; alimsikiliza Mreno Duarte Lopes, mjumbe wa mfalme Álvaro. Wakati ule, huko Ulaya, vitabu vingi vilibeba nembo ya mkubwa mwenye kuvilinda. Kwa hiyo wasomaji walijua kusoma nembo kama sisi tunavyosoma rangi ya mchanga.

Basi, Pigafetta anaeleza hivi: Afonso alipigana na ndugu yake Mpanzu a Kitima juu ya kiti cha baba yao. Panga tano zikaonekana mbinguni, Afonso akashinda, akazifanya alama yake. Mpaka barua za wafalme waliomfuata zilipigwa muhuri wa panga hizo.

Hadithi nzuri. Lakini nembo yenyewe ilichorwa Ureno, mfalme Manuel akaituma karibu mwaka 1512. Na ukiiangalia muzuri, panga zinashikwa na mikono ya chuma, na kule chini kabisa kuna sanamu mbili nyeusi, zimevunjika, katikati yao ngao ya Ureno. Ushindi wa Afonso, ndiyo. Lakini sanamu zile ni za wababu wake, na hakuzivunja kwenye mchoro kwa mkono wake. Alikubali tu. Mimi hapo ndipo naona uchungu.

Kwetu Kasongo mfalme huyo hakutawala. Nembo ya wazungu ilitufikia na bunduki, mwezi wa 4 mwaka 1893, Dhanis alipokamata mji: nyota ya dhahabu, simba wa Ubelgiji, na maneno “Travail et Progrès”. Travail tuliiona.

Chui wa leo yumo mu katiba ya 2006, kifungu cha 1. Kinasema vyote vinakaa juu ya jiwe. Mtoto akikuuliza ni jiwe gani, kasiterite ao dhahabu, kifungu hakisemi.