Kibodi Inapochelewa: Hatua za Kufuata Kabla ya Kuagiza Kompyuta Mpya

Huduma nyingi za kaunti siku hizi hupitia kwenye kompyuta. Leseni ya biashara, ada ya soko, kodi ya ardhi, maombi ya basari na usajili wa wagonjwa hospitalini, vyote huanza pale karani anapoandika jina la mwananchi kwa kibodi. Kibodi ikichelewa kuitikia, foleni nayo huchelewa. Sekunde chache kwa kila neno huonekana si kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kufikia saa sita mchana, watu waliotoka wadi za mbali asubuhi na mapema huwa bado wamesimama dirishani.

Kuchelewa si hasara pekee. Kibodi yenye hitilafu huweza kuruka herufi au kuandika herufi moja mara mbili. PIN ya KRA ina tarakimu 9 katikati ya herufi 2. Tarakimu moja ikikosekana, malipo hayaingii mahali pake. Shilingi 12,500 zikiandikwa 1,250, ama kaunti hupoteza mapato au mwananchi hurudishwa ofisini kusahihisha kosa ambalo si lake. Katika zahanati, jina lililokosewa huweza kumfungulia mgonjwa faili mpya, na historia ya matibabu yake ikabaki kwenye faili ya zamani.

Habari njema ni kwamba mara nyingi tatizo hili halihitaji kompyuta mpya. Hatua zifuatazo zinahusu kompyuta za mezani zinazotumia Windows 10 au Windows 11, na nyingi zinaweza kufanywa na mtumiaji mwenyewe bila kifaa chochote cha ziada.

Kwanza, kujua kinachochelewa

Watu husema "kibodi ni polepole" hata pale kibodi haina kosa. Kosa huweza kuwa katika kibodi yenyewe, katika kompyuta, katika programu inayotumika au katika mtandao. Majaribio matatu mafupi hutenganisha hayo.

Jaribio la kwanza ni kufungua programu ndogo ya Notepad na kuandika sentensi mbili. Herufi zikitokea papo hapo, kibodi ni nzima, na kinachochelewa ni mfumo au ukurasa ambao karani alikuwa akiutumia.

Jaribio la pili hufanywa iwapo hata Notepad inachelewa. Mtumiaji abonyeze kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows, Ctrl na herufi O. Picha ya kibodi itatokea kwenye skrini, naye ataandika kwa kubofya herufi kwa kipanya. Herufi zikija haraka kwa njia hiyo, tatizo liko kwenye kibodi, waya wake au mpangilio wake. Zikichelewa vilevile, na hata mshale wa kipanya ukisitasita, kompyuta nzima imeelemewa.

Jaribio la tatu ni kuazima kibodi ya meza ya jirani. Ikifanya kazi vizuri kwenye kompyuta ileile, kibodi ya kwanza ndiyo mbovu, na gharama ya kibodi ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kompyuta.

Mpangilio unaojiwasha bila mtumiaji kujua

Kuna sababu moja ambayo husahaulika mara nyingi. Windows ina mpangilio uitwao Filter Keys. Ukiwashwa, kompyuta hupuuza mibonyezo mifupi na ile inayorudiwa haraka, hivyo mtumiaji hulazimika kukishikilia kitufe ndipo herufi itokee. Mpangilio huu huweza kuwashwa kwa kushikilia kitufe cha Shift cha upande wa kulia kwa sekunde 8. Karani anayezungumza na mteja huku kidole kimelalia kitufe hicho huweza kuuwasha, na kama ujumbe ukitokea akaukubali bila kuusoma, kibodi hubadilika ghafla.

Kuuzima ni rahisi. Mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi U, kisha achague "Keyboard" kwenye orodha na kuzima "Filter keys". Kwenye ukurasa huohuo anaweza pia kuzima njia ya mkato ya Shift ili jambo hilo lisijirudie. Aangalie vilevile "Sticky keys", ambayo huitwa kwa kubonyeza Shift mara 5 mfululizo na huvifanya vitufe vya Ctrl, Alt na Shift viendelee kuhesabika kama vimebonyezwa hata baada ya kuachiliwa.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Mipangilio hii haikuwekwa kwa makosa. Iliundwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao hutetemeka au ambao hawawezi kubonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kabla ya kuizima kwenye kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa, ni sharti kuuliza kama kuna mfanyakazi anayeitegemea. Akiwapo, njia bora ni kila mtumiaji kuingia kwa akaunti yake, ili kila mmoja apate mpangilio wake.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kasi ya kurudia herufi. Mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows na R, aandike "control keyboard" kisha abonyeze Enter. Kidirisha kitakachofunguka kina sehemu ya kupima mpangilio kabla ya kuukubali.

Waya, vumbi na chai

Kibodi ya waya ichunguzwe kutoka mwanzo wa waya hadi mwisho. Waya uliobanwa na mguu wa meza au droo huweza kukatika ndani bila kuonekana nje. Plagi ya USB ichomolewe na kuingizwa kwenye tundu jingine, hasa lile lililo moja kwa moja kwenye kompyuta, wala si kwenye kigawanyio kinachobeba pia printa na simu inayochajiwa. Kibodi za zamani zenye plagi ya mviringo ya rangi ya zambarau zisichomolewe kompyuta ikiwa imewashwa, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kuharibu sakiti.

Katika ofisi zilizo kando ya barabara za murram, vumbi huingia chini ya vitufe na kuvifanya vizito. Katika maeneo ya pwani, hewa yenye chumvi huleta kutu kwenye viunganishi. Kibodi isafishwe ikiwa imechomolewa: ipinduliwe na kugongwagongwa taratibu, ipitishwe brashi laini kati ya vitufe, kisha ifutwe kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Maji yasimwagwe juu yake hata kidogo.

Chai yenye sukari ni adui mkubwa zaidi. Ikimwagika, kibodi ichomolewe mara moja, ipinduliwe na kuachwa ikauke kabisa. Hata ikifanya kazi tena, sukari iliyobaki hunata na vitufe hukwama baada ya siku chache. Kikombe kikae mbali na meza ya kazi.

Kibodi isiyo na waya

Kibodi ya aina hii huchelewa au kuruka herufi betri zinapokaribia kwisha, kwa hiyo betri mpya ndizo za kujaribiwa kwanza. Zikishindwa kusaidia, kinachofuata ni kipokezi, yaani kile kipande kidogo kilichochomekwa kwenye tundu la USB. Kipokezi kikiwa nyuma ya kompyuta, sanduku la chuma huzuia mawimbi. Kihamishiwe mbele.

Kibodi nyingi hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa pia na vifaa vingi vya Wi-Fi. Aidha, matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hutoa mawimbi yanayovuruga masafa hayohayo yanapohamisha data, kwa mfano wakati wa kunakili faili kwenye diski ya nje. Kuweka kipokezi mbali na tundu la buluu lenye kazi, na kusogeza kifaa cha Wi-Fi kando, mara nyingi humaliza tatizo.

Kompyuta iliyoelemewa

Majaribio yakionyesha kwamba mashine nzima ni nzito, mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka na kuonyesha asilimia ya prosesa, memori na diski inayotumika, pamoja na programu inayokula zaidi. Kitu kimojawapo kikikaa karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu, herufi zitasubiri zamu.

Memori ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Kompyuta yenye gigabaiti 4 za memori haitavumilia kurasa 20 za kivinjari zilizofunguliwa pamoja na hati za Word na Excel. Kurasa zisizohitajika zifungwe. Programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi zipunguzwe kupitia sehemu ya "Startup" ndani ya Task Manager. Ikiwa programu ya kukinga virusi ndiyo inayopekua diski, isizimwe. Ipangiwe kufanya hivyo saa ya chakula cha mchana.

Wengi hawajui tofauti kati ya "Shut down" na "Restart". Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, "Shut down" huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kompyuta iwake haraka kesho yake, hivyo hitilafu ndogo huweza kurudi nayo. "Restart" huanza upya kabisa. Kompyuta nzito iwashwe upya kwa "Restart" kabla ya kulalamikiwa.

Mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka hupata nafuu kubwa ikiwekewa diski ya SSD na kuongezewa memori. Kazi hiyo hufanywa na maafisa wa TEHAMA, na kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko kununua kompyuta nzima. Hata hivyo, umri wa mfumo nao uzingatiwe: Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 inahitaji mpango maalumu wa usalama au wa kubadilishwa, hata kama kibodi yake ni nzuri.

Mtandao unapolaumiwa kwa haki

Mifumo mingi ya malipo na usajili hufunguliwa ndani ya kivinjari. Baadhi ya visanduku huwasiliana na seva kila herufi inapoandikwa ili kutafuta jina linalofanana. Mtandao ukiwa hafifu, maandishi hukwama hata kama kibodi na kompyuta ni nzima. Dalili yake ni kwamba Notepad inaandika vizuri lakini mfumo hauandiki. Hapo karani asibonyeze tena na tena, kwa sababu mibonyezo yote huweza kufika kwa mpigo na kuandika nambari mara mbili au kutuma malipo mara mbili.

Kuchelewa kunakoashiria hatari

Wakati mwingine kibodi huchelewa kwa sababu kuna programu hasidi inayonakili kila kinachoandikwa, zikiwemo nywila. Kuna pia vifaa vidogo vinavyochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta kwa kusudi hilohilo. Mtu akiona kipande asichokifahamu nyuma ya kompyuta, asikichomoe wala asiingize nywila yoyote. Aite afisa wa TEHAMA mara moja. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inataka mashambulizi dhidi ya mifumo ya kompyuta yaripotiwe ndani ya saa 24, na kuchelewa kwa mfanyakazi mmoja hula muda huo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kompyuta ya ofisi haipelekwi kwa fundi wa mtaani. Diski yake ina majina, nambari za vitambulisho na huenda hata rekodi za afya za wananchi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu kuzilinda. Kibodi peke yake haihifadhi rekodi hizo, lakini hata kibodi iliyoharibika hurudishwa stoo ili iondolewe kwenye orodha ya mali kwa utaratibu.

Kabla ya kupiga simu

Ripoti nzuri hufupisha matengenezo. Anayeripoti aandike nambari ya kompyuta kwenye orodha ya mali, siku tatizo lilipoanza, iwapo Notepad nayo inachelewa, kibodi ni ya waya au la, na hatua alizokwisha kujaribu. Afisa akipata maelezo hayo atakuja na kifaa kinachofaa mara ya kwanza.

Wakati matengenezo yakisubiriwa, huduma isisimame, ila uangalifu uongezwe. Karani amsomee mwananchi kwa sauti ya chini jina, nambari na kiasi cha pesa kama vilivyo kwenye skrini kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Naye mwananchi ana haki ya kuomba kuonyeshwa maelezo hayo, na kuisoma risiti yake kabla ya kuondoka dirishani. Kosa linaloonekana hapo husahihishwa kwa dakika moja. Likigunduliwa nyumbani, humgharimu nauli na siku nzima ya kazi.