Je, Wajua? Familia ya Mmisionari Nchini Japani

Wakristo wa Japani ni wachache, takriban mmoja katika kila watu mia. Mmisionari anayehamia huko hapokewi na umati uwanjani. Kazi yake huanzia mlangoni, jikoni na kwa jirani, na mkewe na watoto wanaifanya sawa na yeye. Soma haya uone jinsi nyumba ilivyolibeba kanisa katika visiwa hivyo.

Njia ya kwenda Japani ilipita Malindi. Padre Francis Xavier wa shirika la Wajesuti alitua Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda Goa, India. Miaka 7 baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, alishuka Kagoshima, kusini mwa Japani, akaanzisha misheni ya kwanza ya Kikristo nchini humo.

Injili ya Yohana ilifasiriwa kwa msaada wa mabaharia waliopotea. Mwaka 1832 jahazi la Kijapani lilivunjwa na dhoruba, likachukuliwa na mkondo wa bahari hadi pwani ya Amerika Kaskazini. Walionusurika walikuwa watatu. Nchi yao ilikuwa imefunga milango, hata wao hawakuruhusiwa kurudi. Walipofikishwa Macau walimsaidia mmisionari Karl Gützlaff kuifasiri Injili hiyo kwa Kijapani, ikachapishwa Singapore mwaka 1837.

Daktari na mkewe walipanga hekaluni. James Curtis Hepburn na mkewe Clara walifika Kanagawa kutoka Marekani mwaka 1859, wakapewa makazi katika hekalu la Kibudha. Kuwahubiria Wajapani kulikuwa bado marufuku. Basi daktari akatibu wagonjwa na kuandaa kamusi ya Kijapani na Kiingereza iliyotoka mwaka 1867, huku Clara akifungua darasa dogo mwaka 1863. Shule mbili mashuhuri, Meiji Gakuin na Ferris, zinahesabu mwanzo wake kutoka darasa hilo la Mama Clara.

Viatu huvuliwa nyumbani, na kanisani pia. Kila nyumba ina sehemu ya chini kidogo mara tu baada ya mlango, iitwayo genkan. Hapo unavua viatu, unapanda ndani, kisha unainama kuvigeuza ncha zitazame nje ili iwe rahisi kuvivaa wakati wa kuondoka. Ndani unavaa ndara ulizowekewa. Ukifika kwenye chumba cha mikeka ya tatami, nazo unazivua. Msalani zipo ndara nyingine, na hizo hazitoki humo. Makanisa mengi yana utaratibu uo huo: kabati la viatu mlangoni na safu ya ndara za wageni. Mtoto wa mmisionari huyajua haya yote kabla hajajua kusoma.

Anayehamia ndiye anayebisha hodi. Kwetu jirani huja kumkaribisha mgeni. Japani mgeni ndiye huwazungukia majirani na zawadi ndogo, kama taulo, sabuni au peremende, akijitambulisha na kuomba radhi mapema kwa kelele za watoto wake. Desturi ya zamani inataja nyumba tano: tatu za mbele na mbili za ubavuni. Familia iliyofanya hivyo siku ya kwanza imejijengea heshima ambayo mahubiri matamu hayawezi kuinunua.

Takataka nazo ni ushuhuda. Za kuungua zina siku yake, chupa siku yake, makopo na karatasi siku zake, na zote hutolewa asubuhi iliyopangwa. Mitaa mingi ina zamu ya kufagia mahali pa kukusanyia na kufunika mifuko kwa wavu, kunguru wasiichane. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmisionari naye hushika ufagio zamu yake ikifika.

Familia nyingi za wachungaji huishi juu ya kanisa. Ardhi mijini ni ghali na waumini ni wachache. Makanisa mengi hukusanya watu thelathini hivi Jumapili, au pungufu. Kwa hiyo jengo moja hutumika kwa yote: ukumbi wa ibada chini, makazi juu. Watoto hukua wakijua kwamba simu ikilia usiku ni muumini mgonjwa, na kwamba wageni wakiwepo hakuna kukimbia kwenye ngazi.

Baada ya ibada, watu hula pamoja. Mara nyingi ni wali kwa mchuzi wa kari, au tambi nene za udon, zinazopikwa kwa zamu. Meza za kukunja hupangwa, kila mtu husaidia, na baadaye wote huosha vyombo. Usiudharau mlo huo. Mjapani mwenye swali zito hulinyamazia mbele ya watu, kisha huuliza kwa sauti ya chini akiwa anafuta sahani. Mke wa mmisionari aliye karibu na sinki ndiye hulisikia kwanza.

Mtoto huwapita wazazi kwa lugha. Herufi za kanji zilizoorodheshwa na serikali kwa matumizi ya kawaida ni 2,136, na mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa 1,026. Wamisionari wengi hutumia miaka miwili ya mwanzo darasani tu. Biblia nyingi za Kijapani huwa na herufi ndogo za matamshi kando ya kanji, na hizo humwokoa mgeni anaposimama kusoma. Nyumbani, aliye darasa la tatu ndiye huwasomea wazazi barua ya shule.

Shuleni, wanafunzi ndio hupakua chakula na kufagia. Saa ya mlo ikifika, walio zamu huvaa aproni nyeupe na kofia, hubeba masufuria na kuwapakulia wenzao. Baadaye wote hushika fagio na matambara. Watoto wa wamisionari waliosoma shule hizo wamejifunza mezani na sakafuni yale ambayo wazazi wao walihangaika nayo kwenye vitabu: kungojana, kugawana, na kutomwachia mwingine uchafu wako. Wengine husoma shule za misheni kama Christian Academy in Japan, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1950.

Krismasi si sikukuu ya taifa. Tarehe 25 Desemba watu huenda kazini. Mtaani Krismasi ni keki ya krimu na stroberi, na kuku wa kukaanga, mazoea yaliyokuzwa na tangazo la kibiashara la mwaka 1974. Makanisa mengi huadhimisha Jumapili iliyotangulia, na wengi huchagua siku hiyo kubatizwa. Jioni ya tarehe 24 huwa na ibada ya mishumaa, na hapo huingia majirani ambao mwaka mzima hawajakanyaga kanisani.

Kanisa hutazama kalenda ya wenyeji. Tarehe 15 Novemba ni siku ya watoto wa miaka 3, 5 na 7, nao hupelekwa kwenye mahekalu ya Kishinto kuombewa. Makanisa mengi hufanya ibada ya kuwabariki watoto mwezi huohuo. Tarehe 1 Januari, majirani wakienda hekaluni, Wakristo nao hukusanyika kuuanza mwaka kwa ibada.

Swali zito kuliko yote ni la wazee waliofariki. Nyumba nyingi zina madhabahu ya Kibudha ya ukoo, ambako marehemu huwekewa wali na ubani. Kijana akitaka kubatizwa, jamaa humuuliza: nani atawatunza wazee wetu? Mmisionari mwenye hekima halidharau swali hilo, kwa kuwa ndani yake mna upendo. Makanisa mengi hufanya ibada za kumbukumbu ya marehemu, na mengi yana kaburi la pamoja ambalo waumini hulizuru wakati wa Pasaka. Kwenye mazishi ya Kikristo, ua huchukua nafasi ya ubani. Kila mwombolezaji hupokea ua moja jeupe, huinama, huligeuza shina lielekee kwenye picha ya marehemu, huliweka mezani, huomba kimya, kisha huwainamia wafiwa. Hata ndugu asiye Mkristo hujiunga bila kujihisi mgeni.

Aliyeidondoshea Nagoya mabomu alirudi kujenga kanisa mji huohuo. Jacob DeShazer, mwanajeshi wa Marekani, alishiriki shambulio la tarehe 18 Aprili 1942, akakamatwa na kufungwa miezi 40. Gerezani alipewa Biblia kwa majuma matatu, na hapo chuki yake ikavunjika. Mwaka 1948 alirudi na mkewe Florence kama wamisionari, na mwaka 1959 wakahamia Nagoya kuanzisha kanisa. Mitsuo Fuchida, aliyeongoza ndege za Japani kwenye shambulio la Pearl Harbor, alisoma ushuhuda wa DeShazer, akawa Mkristo.

Kanisa liliishi zaidi ya miaka 200 bila padre. Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, na mapadre wakafukuzwa au kuuawa. Vijijini karibu na Nagasaki, wakulima na wavuvi waliendelea kubatiza watoto wao wenyewe, na sala zikapita kwa mdomo kutoka kwa wazazi hadi kwa wana. Tarehe 17 Machi 1865, watu wapatao 15 kutoka Urakami waliingia katika kanisa jipya la Oura, na mwanamke mmoja akamnong'oneza Padre Bernard Petitjean kwamba imani yao na yake ni moja. Baadaye zaidi ya 3,000 wa Urakami walipelekwa uhamishoni, hadi mabango ya marufuku yalipoondolewa mwaka 1873. Katika miaka ile ya kujificha, Wakristo hao hawakuwa na jengo, shule wala mchungaji. Walikuwa na nyumba zao. Kwa hiyo, anayetaka kujua hali ya kanisa la Japani asihesabu viti vya Jumapili peke yake. Aulize pia ni nyumba ngapi zinasali.