Cheti cha hisa kikipotea, usikae kimya

Baba mdogo analima mahindi na ufuta mkoani Morogoro. Msimu uliopita wezi waliingia kwake usiku wakabeba sanduku la bati. Ndani mlikuwa na fedha za ufuta, na bahasha yenye cheti cha hisa alizonunua miaka mingi iliyopita, kampuni moja ilipouza hisa zake kwa wananchi. Fedha aliziripoti polisi asubuhi ile ile. Cheti hakukitaja.

"Mwanangu, hisa zangu zimekwenda na wezi. Ningemwambia nani?" aliniuliza wiki tatu baadaye.

Wiki tatu hizo ndizo zilizonitia hofu kuliko wizi wenyewe. Cheti si hisa, ni ushahidi tu. Umiliki wenyewe umeandikwa katika daftari la wanahisa, na mwizi hawi mwenye mali kwa kushika karatasi yenye jina la mtu mwingine. Lakini akighushi saini kwenye fomu ya uhamisho, kisha akamuuzia mtu asiyejua lolote au akaiweka rehani, hapo kesi huwa ndefu na wakili hafanyi kazi bure. Hatari zaidi ni hati fungani za zamani zisizoandikwa jina. Hizo ni sawa na noti: anayeishika ndiye anayelipwa.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 makaratasi yaliwazidi madalali wa New York, na hati nyingi zikaibwa. Baadhi ya wezi walizipeleka benki kuombea mikopo. Benki haikuwa na mahali pa kuuliza kama hati ile ni ya wizi. Mwaka 1975 Bunge lao lilibadili sheria, na Tume inayosimamia masoko ya mitaji (SEC) ikatunga kanuni inayojulikana kwa namba 17f-1.

Kanuni hiyo inazitaka benki, madalali, wasajili wa hisa na taasisi nyingine za aina hiyo kujisajili katika mfumo mmoja wa taarifa. Hati ikiibwa, taasisi inatakiwa kuripoti ndani ya siku 1 ya kazi tangu wizi ugundulike, ikitaja namba ya cheti, na kuwaarifu pia wapelelezi wa FBI. Hati ikikosekana siku 2 za kazi bila dalili ya wizi, taarifa itolewe siku ya kazi inayofuata. Na taasisi inayopokea hati ya thamani inayozidi dola 10,000 inapaswa kwanza kuuliza katika mfumo kama haijaripotiwa.

Mwananchi wa kawaida hajisajili huko. Yeye humwarifu dalali au msajili wa hisa, ambaye husimamisha uhamisho na kupeleka taarifa. Kisha mwenye mali hula kiapo na kununua dhamana ya bima, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3 ya thamani ya hisa, ndipo apewe cheti kipya. Kwa hisa zenye thamani ya Sh2 milioni, ingekuwa kama Sh40,000 hadi Sh60,000. Akichelewa kutoa taarifa, na hisa zikahamishwa kabla hajasema, anaweza kupoteza haki ya kuidai kampuni. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito kwa mkulima, hata aliye Kilosa.

Kwetu Tanzania, hisa za kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam huuzwa kupitia akaunti ya kielektroniki, na hati za serikali zinazouzwa na Benki Kuu nazo hazina karatasi ya kuibwa. Lakini vyeti vya zamani bado vimo masandukuni, na kampuni nyingi ndogo na vyama bado hutoa karatasi. Ikipotea, nenda polisi upate taarifa ya upotevu, ule kiapo mbele ya wakili, kisha uiandikie kampuni au msajili wake kuomba uhamisho usimamishwe. Barua isingoje kiapo, itangulie. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Baba mdogo alikwama kwenye swali la kwanza kabisa: namba ya cheti. Hakuwa ameiandika popote. Tuliipata nyuma ya risiti ya gawio iliyokuwa imekunjwa ndani ya Biblia ya mama mdogo. Daftari lilipokaguliwa, hisa zilikuwa bado kwa jina lake. Sasa zimo kwenye akaunti, na namba yake ameiandika kwa mkaa ukutani ghalani. Nimemwomba aifute, aihifadhi kwenye daftari. Mpaka leo hajafanya hivyo.