Zumari Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Makala yangu iliyochapishwa karibuni ilihusu mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Mhariri nilipompigia simu alitaka ng'ombe tu: pembe, vumbi, na kijana anayeruka na kitambaa mkononi. Nikamwambia vyote hivyo atavipata, ila makala itaanza kwa mpiga zumari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, andika nione."

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, naandika sanaa na utamaduni, na naishi Kengeja, kusini mwa Pemba. Watu wengi huniuliza hiyo ni kazi gani, hata waandishi wenzangu wa mjini. Sina mwajiri. Nampelekea mhariri wazo, akilikubali tunapatana urefu na malipo, halafu naifuata habari, naiandika na kuipiga picha mwenyewe. Malipo huja ikishachapishwa, pengine baada ya kukumbushana sana. Nauli ya kutoka Kengeja hadi Mtambile na kuendelea Chake Chake naitoa mfukoni, na simu ninayorekodia ni yangu. Gazeti likikataa makala, hasara ni yangu vilevile.

Kazi yenyewe ni kumuuliza msanii anafanyaje anachokifanya, na alikipata kwa nani. Nalisema hili wazi kwa sababu habari nyingi za utamaduni tunazosoma hazimgusi msanii. Zinataja mgeni rasmi, zinanukuu hotuba yake kuhusu kudumisha mila, kisha mwishoni zinaongeza kwamba ngoma mbalimbali zilitumbuiza. Ngoma gani? Nani alipiga? Msomaji hajui, na mjukuu wake naye hatajua.

Turudi kwenye ng'ombe. Kengeja ni miongoni mwa vijiji vya Pemba vinavyojulikana kwa mchezo huu, pamoja na Chwale na Wingwi. Dume hufungwa kamba ndefu, vijana humchokoza kwa kitambaa, naye huwakimbiza, na watazamaji walio karibu hupanda miti. Hauawi. Mchezo ukimalizika hurudi kwa mwenyewe, akiwa amesifiwa. Wengi husema tuliurithi kwa Wareno, waliokuwa na nguvu kwenye pwani hii tangu karne ya 16 hadi Ngome ya Yesu, Mombasa, ilipowaponyoka mwaka 1698. Yawezekana. Lakini waandishi wanaokuja kwetu hukaa sana kwa Wareno, wakasahau kwamba zumari ni ndugu wa mizmari ya Waarabu, na kwamba nyimbo ni za Wapemba wenyewe.

Mpiga zumari nilimfuata nyumbani kwake siku ambayo hapakuwa na mchezo. Chombo chake ni bomba la mti lenye matundu ya vidole. Chini limepanuka, juu limechomekwa ulimi mdogo wa jani kavu lililokunjwa na kufungwa uzi. Kwanza aliutia ulimi ule kinywani akaulowesha, maana ukikauka sauti hukwaruza. Kisha akajaza mashavu na kuanza. Nilikuwa nikitazama pua yake: pumzi ilikuwa ikiingia huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo, na sauti haikukatika hata mara moja. Nikamuuliza alijifunzaje. Alisema alipokuwa mtoto alipewa bua la jani la mpapai, ambalo ni tupu ndani, akaambiwa apulize kwenye kata ya maji na mapovu yasisimame. Alipoyaweza mapovu, ndipo aliporuhusiwa kushika zumari. Hayo hayakuwa yameandikwa popote ninapojua mimi, na ndiyo yaliyofungua makala yangu.

Wageni hudhani zumari ni ya kupamba tu. Wachezaji wenyewe huisikiliza. Sauti ikipanda na ngoma zikakaza, uwanja mzima hubadilika, ng'ombe huchachamaa na kijana aliye mbele hujua wakati wake umefika.

Kwa kuwa mimi ni mwanamke, nilikaa upande wa wanawake, wanaoimba tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi mmoja alinivuta mkono baada ya wimbo mmoja kwisha. "Mwanangu," akasema, "wimbo huu niliutunga mimi. Watu wanauimba wakidhani umeota wenyewe." Nilimwomba aurudie taratibu, nikaandika maneno yake, na jina lake likachapishwa chini yake. Kwangu sehemu hiyo ina thamani kuliko picha zote za ng'ombe.

Kazi hii ina watangulizi wakubwa. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, hakwenda skuli, kisha sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Leo twayajua maisha yake kwa kiasi kikubwa kwa sababu Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alimfuata akamuuliza, akaandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950. Lau Shaaban Robert angechelewa kidogo tu, tungebaki na sahani za santuri na uvumi.

Hapa Pemba, mashairi ya Kamange na Sarahani yalikaa miaka mingi vinywani mwa watu na katika karatasi za watu binafsi, mpaka yakakusanywa, Abdilatif Abdalla akayahariri, na Mkuki na Nyota wakayatoa kitabu mwaka 2011. Hao walikuwa malenga mashuhuri, na bado walingoja hivyo. Mtunzi wa nyimbo za ng'ombe atangojea nani? Mpemba mwenzetu Mohammed Ghassani, mwanahabari na mshairi, alipata Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa diwani ya N'na Kwetu, kwa hiyo wa kuandika tunao. Tunachokosa ni kurasa, na malipo ya kumwezesha mwandishi kukaa kijijini muda wa kutosha asikie jambo la pili, lile watu wasilomwambia mgeni wa saa moja.

Sasa nafuatilia kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo, ambamo wanaume wawili hupambana katikati ya duara huku zumari ikilia. Nataka kujua fimbo huchaguliwaje, na kijana hufundishwa nini kabla ya kuruhusiwa kuingia kati. Wazee wanaoweza kunijibu wanazidi kupungua.

Wahariri, mkiitaka habari ya namna hii, lipeni nauli kabla ya safari. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mpiga ngoma, mtunga nyimbo au msuka mikeka, mwulize wiki hii alifundishwa na nani, andika jibu lake pamoja na jina lake kamili na tarehe, na uliweke pahala pakavu.