Kupima Hasara ya Mabomu ya Ndege

Uharibifu wa shambulio la anga haulingani na kishindo chake. Oktoba 1978, mwanzoni mwa Vita vya Kagera, ndege za MiG za Uganda ziliishambulia Bukoba, Tanzania. Kilichobomoka kilikuwa kidogo, ila mtikisiko ulivunja vioo vya madirisha na wakazi wakahamanika. Machi 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Uganda, aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha. Waliouawa ni wanyama wa hifadhi ya kisiwa cha Saa Nane. Kwa hesabu ya majengo hiyo ni hasara ndogo, ingawa kutia hofu nako ni sehemu ya shabaha.

Wanajeshi hujiuliza mambo matatu: shabaha imepigwa? Imeharibika kiasi gani? Kazi yake imekoma? Swali la tatu ndilo gumu, na daraja la Kyaka, kwenye Mto Kagera, linaonyesha kwa nini. Ndege za Uganda zilishindwa kuliangusha, hadi tarehe 3 Novemba 1978 lilipolipuliwa kwa baruti zilizotegwa na mtaalamu kutoka migodi ya Kilembe. Picha iliyopigwa kutoka angani siku hiyo ingeonyesha daraja lililokatika, na isingekuwa ya uongo. Lakini kazi ya daraja haikukoma: JWTZ, jeshi la Tanzania, walivuka mto huo kwa daraja la muda.

Mjini kazi huwa ngumu zaidi. Katika mitaa iliyobanana kama ya Kariakoo, Dar es Salaam, wimbi la mlipuko hugonga ukuta huu likarudi kwenye ule, hivyo jengo lililojificha kwenye kona laweza kuumia kuliko lililo karibu na bomu. Kioo hupasuka kwa shinikizo dogo sana. Zege lenye nondo hustahimili mengi. Vioo vya fremu za maduka vinaweza kumwagika mtaa mzima na ghorofa zikabaki imara, huku jengo lenye marumaru zisizo na mkwaruzo likiwa na nguzo iliyopasuka stoo ya chini, nyuma ya marobota.

Mhandisi huchunguza nyufa kwa karibu. Ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, pengine hata rangi iliyopakwa juu yake. Mpya una kingo kali na zege safi ndani. Tofauti hiyo ina uzito Kariakoo, ambako Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na kuua watu bila bomu lolote.

Kabla ya yote hupita wataalamu wa mabomu, kwani si kila bomu lililoanguka limelipuka. Hatari hiyo haitokani na ndege tu: mlipuko wa ghala la silaha la Mbagala, pia Dar es Salaam, Aprili 2009, ulirusha makombora hadi kwenye makazi ya watu. Wathamini huja mwisho, na ubishi mkubwa huwa juu ya bidhaa: mwenye jengo anadai kuta, mpangaji anadai mzigo, na mzigo ulioteketea huhesabiwa kwa stakabadhi na hati za forodha, kama nazo hazikuungua.