Je, Wajua? Rangi ya Nyuma Hutangulia

Je, wajua kwamba usiku wa Ziwa Mweru unachoreka kwenye kompyuta kwa mistari michache tu? Wavuvi wa ziwa hilo huwasha taa gizani ili kuvuta chisense, samaki wadogo kama dagaa. Mwanagenzi wa programu anayeishi Kabuta, wilayani Nchelenge, Zambia, hupaka turubai, yaani eneo la kuchorea, lote jeusi kwanza, kisha huweka nukta za njano, kila nukta taa moja. Akianza na taa na kumalizia na weusi, hataona hata taa moja.

Je, wajua kwamba rangi hizo ni namba? Katika Processing, lugha ya programu iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry, amri ya rangi ya nyuma ni background: background(0) ni nyeusi na background(255) ni nyeupe. Usipoandika lolote, turubai hufunguka na kijivu cha 204. Ukitaka buluu ya ziwa, unachanganya nyekundu, kijani na buluu. Kila moja ina viwango 256, hivyo jumla ni rangi 16,777,216.

Je, wajua kwamba amri hiyo pia ni kifutio? Chora mtumbwi unaokwenda. Ukipaka buluu mara moja tu mwanzoni, kila hatua ya mtumbwi inabaki, na mwishowe una msururu wa mitumbwi iliyopandana. Ukipaka upya kila picha inapochorwa, mara 60 kwa sekunde, mtumbwi unabaki mmoja na unakwenda.

Je, wajua kwamba si kila programu inafuta? Katika turtle, zana ya kuchorea ya lugha ya Python, amri ya bgcolor hubadilisha rangi ya nyuma na kuacha michoro yote ilivyo.

Je, wajua kwamba turubai la kurasa za intaneti halina rangi? Ni angavu. Ukilihifadhi kama faili ya picha ya JPEG, palipokuwa wazi panageuka peusi, kwa kuwa JPEG haijui uangavu.

Je, wajua kwamba bendera ya Zambia, iliyopandishwa tarehe 24 Oktoba 1964, ni zoezi zuri la kuanzia? Paka kijani kote, kisha milia mitatu upande wa kulia chini, nyekundu, nyeusi na ya machungwa, na juu yake tai.

Picha yako ikitoweka ghafla, usiilaumu kompyuta. Tazama kwanza amri ya rangi ya nyuma umeiweka mstari upi.