KUBADILI KALIBA YA BUNDUKI: CHETI KWANZA, BUNDUKI BAADAYE

Huenda mtu akadhani kwamba, maadam amekwisha kupewa ruhusa ya kuwa na bunduki moja, basi aweza kuwa na bunduki moja yo yote aipendayo. Auza ile ya zamani, anunua nyingine yenye nguvu zaidi, aiweka sandukuni pamoja na cheti chake, kisha alala usingizi bila wasiwasi. Hesabu yake ni kwamba bunduki ilikuwa moja, na sasa ni moja vile vile. Hesabu hiyo si sahihi, nayo yaweza kumsimamisha mbele ya hakimu mtu mwema ambaye hakukusudia uovu wo wote.

Cheti husema nini

Katika Kenya silaha za raia huongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo asili yake ni miaka ya 1950. Sheria hiyo yakataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi pasipo kuwa na cheti cha silaha chenye nguvu wakati huo. Cheti hiki ndicho watu wengi hukiita leseni. Ndani yake hutajwa namna ya bunduki na idadi yake, na tena kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti aruhusiwa kununua, na kiasi ambacho aruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Nguvu yake ni ya mwaka mmoja, kisha lazima kifanywe upya.

Basi cheti cha silaha hakifanani na leseni ya dereva, ambayo kwayo mtu aweza kuendesha gari hili leo na lile kesho. Chafanana zaidi na hati ya shamba. Hati hutaja shamba fulani lenye mipaka yake, na mwenye hati hawezi kwenda kulima shamba jingine akasema, "Mimi ninayo hati." Vivyo hivyo, cheti kilichoandikwa kwa bunduki ya kaliba moja hakimpi mtu ruhusa ya kuwa na bunduki ya kaliba nyingine, wala risasi zake.

Kaliba ni nini

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Waingereza na Wamarekani walizoea kuupima kwa sehemu za inchi, na mataifa mengine kwa milimeta. Wazee waliotumika katika King's African Rifles waikumbuka bunduki ya .303, tundu lake ni milimeta 7.7. Bunduki ndogo ya .22, itumiwayo sana na wanaojifunza kulenga shabaha, tundu lake ni kama milimeta 5.6.

Lakini nambari peke yake haitoshi. Ziko risasi kadha wa kadha ziitwazo za milimeta 7.62, na maganda yake hayalingani kwa urefu wala kwa umbo. Kwa hiyo, ajazapo fomu, mtu asiandike nambari tupu. Aandike jina kamili la risasi kama lilivyochorwa juu ya mtutu wa bunduki, na nambari ya bunduki yenyewe, herufi kwa herufi.

Jambo hili si la karatasi tu. Ni la uhai. Katika bunduki za marisau, kaliba 20 ni nyembamba kuliko kaliba 12. Risasi ya kaliba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya kaliba 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu, mahali isipoonekana. Mtu aona chumba ki wazi, atia risasi ya 12, afyatua, na mtutu wapasuka karibu na mkono wake na uso wake. Ndiyo sababu viwanda vingi hupaka rangi ya manjano risasi za kaliba 20, ili zitambulikane upesi. Katika nyumba yenye risasi za namna mbili zilizochanganyika, msiba umekwisha kufunguliwa mlango.

Kwa nini Ofisa aulize tena

Wengine hunung'unika, wakisema, "Serikali yanifahamu, na tabia yangu yajulikana, kwa nini nichunguzwe tena?" Sababu ni kwamba sheria yamtaka mtoaji wa vyeti aridhike juu ya mambo mawili: kwamba mwombaji ana sababu njema ya kuitaka silaha ile anayoiomba, na kwamba aweza kuachiwa silaha ile bila hatari kwa watu. Sababu iliyotosha kwa bunduki ndogo huenda isitoshe kwa kubwa.

Tuchukue mfano wa mtu aliye na bunduki ya .22 kwa ajili ya kulenga shabaha, naye sasa ataka ya .308. Risasi ndogo ya .22 yaweza kuruka zaidi ya kilometa 1, lakini ile ya .308 yaweza kupita kilometa 3. Uwanja uliofaa kwa ile ya kwanza, wenye kingo ndogo ya udongo, waweza kuwa hatari kabisa kwa ile ya pili, ikiwa nyuma yake kuna shule au malisho. Tena, uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977; kwa hiyo mtu hawezi kusema ataka bunduki kubwa ili akawinde.

Hatua kwa utaratibu

Mtu huyo afanye hivi. Kwanza, asinunue wala asipokee bunduki mpya, hata kwa kuazima "kuijaribu" nyumbani. Pili, apeleke ombi lake kwa wenye mamlaka ya kutoa vyeti, ambao sasa ni Bodi ya Leseni za Silaha, akieleza ni silaha gani ataka kuiacha, ni ipi aitaka, na kwa sababu gani. Tatu, angoje jibu la maandishi. Neno la mdomo, hata likitoka kwa rafiki aliye kazini, si ruhusa. Nne, akiisha kukubaliwa, anunue kwa mwuzaji aliyeandikishwa, naye mwuzaji ataka kukiona cheti kabla ya kutoa kitu. Tano, ahakikishe kwamba maneno yaliyo katika cheti na yaliyo juu ya bunduki ni mamoja.

Ile ya zamani nayo isisahauliwe. Yaweza kuuzwa kwa mwuzaji aliyeandikishwa, au kwa mtu ambaye cheti chake kinamruhusu kuwa nayo, au kupelekwa polisi. Mwenyewe adai stakabadhi na kuitunza. Asimpe ndugu wala mtoto wake kwa ukarimu tu, maana zawadi ya bunduki bila cheti huwatia hatarini mtoaji na mpokeaji pia.

Risasi zilizosalia

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Bunduki ya zamani imekwisha kuondoka, lakini chini ya kabati zimebaki risasi zake 11 katika kopo. Mwenyewe hazihesabu kuwa kitu, kwa kuwa hana bunduki ya kuzipiga. Lakini sheria yataja bunduki na risasi pia. Kaliba ya zamani ikiisha kuondolewa katika cheti, risasi zile hazina tena kibali. Na zitolewe siku ile ile bunduki itolewapo.

Vile vile, kubadili mtutu wa bunduki ili ipige risasi za kaliba nyingine ni kubadili silaha, hata kama kitako ni kile kile. Kazi hiyo isifanywe na fundi wa uchochoroni, wala isifanywe kabla ya kibali.

Tangu mwisho wa mwaka 2018 Serikali iliwaita raia wenye silaha wahakikiwe upya, na vyeti vyao vikalinganishwa na silaha walizo nazo. Siku kama hiyo mtu hasaidiwi na nia yake njema, bali na maandishi yake. Basi wewe uliye na bunduki, kitoe cheti chako leo, ukisome, kisha usome maneno yaliyo juu ya mtutu, na uhesabu risasi zako. Ukiona tofauti, usiifiche: nenda ukaiseme kabla hujaulizwa.